Mawe Juani: Kuitafuta Redio Ndani ya Mikanda ya Televisheni

Kwa mwaka mmoja na nusu sasa, jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, nimekuwa nikikaa sebuleni kwangu hapa Chang'ombe, Dodoma, nikitazama picha za zamani za televisheni kwenye kompyuta na kutafuta ndani yake kitu ambacho waliozipiga hawakukikusudia, yaani redio. Nilipowaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha nne jambo hili, mmoja wao aliniuliza kwa adabu, huku akibana kicheko, "Mwalimu, redio si ya kusikiliza?" Swali lake lilikuwa la haki, na nadhani alistahili jibu refu kuliko lile nililompa siku hiyo kengele ikiwa inagongwa.

Utangazaji wa Tanzania Bara ulikua kwa namna yake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikageuka kuwa Shirika la Utangazaji Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikalichukua shirika hilo na kuliita Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo watu wa rika langu bado tunaitamka kwa herufi zake tatu kama tunavyolitaja jina la ndugu. Televisheni haikuwapo Bara hadi mwaka 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuwafungulia mlango watu binafsi. Zanzibar walitutangulia kwa zaidi ya miaka 20, kwani Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ikiwa ya rangi, wakati sisi huku Dodoma tulikuwa tukisubiri gari la sinema lije kijijini. Kwa hiyo kwa miaka 43 redio ya Bara haikuwa na mwenzake wa kuipiga picha. Picha za zama hizo tulizonazo zilipigwa na wapiga filamu wa serikali, na mashirika ya habari ya nje yaliyokuwa yakiuza vipande vyao kwa vituo vya televisheni vya Ulaya na Marekani, pamoja na watengenezaji wa vipindi waliokuja kwa wiki mbili tatu wakitaka kuuona Ujamaa kwa macho yao. Wote hao walikuja kwa shughuli zao, na redio iliingia katika picha zao kama anavyoingia kuku anayekatiza mbele ya bwana harusi.

Nilikuwa nikidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba atakayeandika historia ya redio anahitaji mikanda ya redio na si kingine. Mikanda hiyo ina thamani kubwa, na RTD ilirekodi hotuba, bendi za dansi, ngoma na michezo ya kuigiza kwa wingi ambao nchi nyingi za jirani zingeutamani. Lakini mkanda wa redio unamhifadhi aliyesema, aliyeimba na aliyepiga gitaa, na hauna namna ya kumhifadhi aliyekuwa amekaa Mvumi au Bahi akisikiliza, wala kutueleza kama alisikiliza peke yake au na majirani kumi, kama redio ilikuwa ya kwake au ya mwenyekiti wa kijiji, kama wanawake walikaa karibu nayo au waliisikia kwa mbali wakiwa jikoni. Mambo hayo yako kwenye picha, mara nyingi pembeni mwa picha, na kwa sababu hiyo nimejikuta nikitazama pembe za skrini kuliko katikati yake.

Kuyapata si kazi nyepesi, ingawa imekuwa rahisi kuliko zamani. Mwaka 2014 kampuni ya British Pathé iliweka mtandaoni filamu zake zipatazo 85,000, na mwaka uliofuata shirika la AP pamoja na British Movietone wakaweka zaidi ya habari 550,000, hivyo mwalimu wa Dodoma mwenye kifurushi cha intaneti cha usiku anaweza kuona vitu ambavyo wazazi wake wangelazimika kupanda ndege kuvifuata. Tatizo liko kwenye maelezo ya vipande hivyo. Aliyeandika maelezo aliandika alichotumwa kukiandika: kiongozi fulani akikagua shamba, wanakijiji wakicheza ngoma, chakula cha msaada kikipakuliwa. Ukitafuta kwa neno "redio" utapewa minara, studio na sherehe za kuzindua mitambo, yaani redio iliyovaa suti. Mimi nimejifunza kutafuta kwa maneno yasiyohusiana nayo kabisa, kama njaa, maji, kilimo, Ujamaa, ziara ya Rais, na kwa majina ya mahali: Chamwino, ambako Mwalimu Nyerere alikuwa akifika na kukaa na wanakijiji, Kongwa, ambako wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na kambi tangu miaka ya 1960, na ambao vyama vyao vilipewa nafasi ya kutangaza kupitia mitambo ya RTD, na Gogo kwa jumla, neno ambalo wageni walilipenda kwa sababu ya zeze, ngoma na nyumba za tembe.

Tarehe nazo ni za kukaguliwa. Nimeshaona kipande kimeandikwa ni cha mwaka 1961 huku bendera inayopepea nyuma ina rangi ya buluu, wakati bendera ya Tanganyika ilikuwa ya kijani, nyeusi na dhahabu, na buluu iliingia baada ya Muungano wa mwaka 1964. Bendera ya chama husaidia zaidi kwa miaka ya baadaye, kwa kuwa TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, na jembe na nyundo vikionekana ukutani basi huwezi kusema picha ni ya kabla ya hapo. Baada ya chama ninatazama vibao vya magari, mitindo ya mashati, na redio yenyewe kama ipo: ya kabati la mbao au ya plastiki, ya mezani au ya kubeba kwa mkanda wa ngozi begani.

Kikwazo kilichonishangaza zaidi, ingawa sasa naona nilipaswa kukitarajia, ni ukimya. Sehemu kubwa ya picha za habari za miaka ya 1960 zilipigwa kwa filamu ya milimita 16 bila sauti, kwa kuwa vifaa vya kurekodi sauti pamoja na picha vilikuwa vizito na vya gharama, na msomaji wa habari huko zilikokwenda angesoma maelezo juu yake. Hivyo nina picha za mtangazaji anayefungua kinywa mbele ya kipaza sauti na sijui anasema nini, na kwingineko kuna mkanda wa sauti ya mtangazaji ambaye sijui alikuwa na sura gani. Mara mbili nimejaribu kuvikutanisha viwili hivyo kwa hotuba za hadhara, nikilinganisha mahali watu wanapoonekana wakipiga makofi na mahali makofi yanaposikika kwenye sauti. Mara moja nilikaribia. Mara ya pili niligundua baada ya siku nne kwamba nilikuwa na hotuba mbili tofauti zilizotolewa na mtu yule yule akiwa na shati lile lile.

Ukimya huo umewapa watu wa mtandaoni kazi ya kuujaza, na hapo mtafiti anatakiwa kuwa mwangalifu kuliko kawaida. Chukua tangazo la msiba wa Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984 akiwa njiani kutoka hapa kwetu Dodoma kwenda Dar es Salaam. Taifa lililipokea kwa redio, kwa sauti ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Leo tangazo hilo linazunguka likiwa limepachikwa picha, nyingine za msiba, nyingine za miaka ya nyuma, na kijana anayelitazama anaondoka akiamini kwamba watu waliliona. Ndivyo ilivyo pia kwa hotuba ya Novemba 1978 ya kutangaza vita dhidi ya Idi Amin, ile ya uwezo, sababu na nia. Nimewahoji wazee watano wa mtaani kwangu kuhusu hotuba hiyo, na watatu kati yao walinieleza jinsi Mwalimu alivyoinua mkono na jinsi uso wake ulivyokuwa, ingawa wote watatu walikuwa vijijini mwaka huo na kijiji hakikuwa na televisheni, wala mkoa mzima, wala Bara yote. Siwalaumu. Picha waliyoiona miaka 20 baadaye imekaa juu ya sauti waliyoisikia siku ile, na sasa hawawezi kuzitenganisha. Nikitaka kujua walivyoisikia, huwauliza kwanza walikuwa wamekaa wapi, nani aliiwasha redio, na kulikuwa na mwanga gani, kwa sababu majibu ya maswali hayo hayapatikani kwenye picha yoyote na kwa hiyo hayajachafuliwa nayo. Kwa kifo cha Mwalimu, tarehe 14 Oktoba 1999, hali ilikuwa nyingine: Rais Mkapa alilitangazia taifa huku televisheni ikiwapo, na hata hivyo majirani zangu wengi walimsikia kwa redio kama walivyozoea.

Mwenzangu katika kazi hii ni fundi redio mstaafu ambaye alikuwa na kibanda karibu na soko la Majengo, na ambaye mimi humwita Mzee, naye huniita Mwalimu hata tunapobishana. Alinikosoa mapema. Nilimwonyesha kipande cha picha za rangi, cha watu wapatao kumi na tano wameizunguka redio iliyowekwa juu ya meza yenye kitambaa, na nikamwambia kwa kujiamini kwamba picha ile ilipangwa na mpiga picha, kwa kuwa antena ya redio ilikuwa imelala, kwa hiyo redio haikuwa ikipokea chochote. Mzee alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyejitengenezea redio nyumbani. Akanieleza kwamba ile antena ya kuvuta ni ya masafa mafupi, na siku hizi ya FM. Masafa ya kati yanapokewa na kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya ndani ya redio, na ndiyo maana watu walikuwa wakiigeuza redio nzima, huku na huku, hadi sauti ikae. "Tazama redio imeelekea wapi, Mwalimu," akasema. "Imekaa upande. Mtu wa kupiga picha angeielekezea uso kwenye kamera." Alikuwa sahihi: redio ilikuwa imewapa wasikilizaji mgongo nusu, mkao ambao mpangaji wa picha asingeuchagua.

Kutokana na somo hilo nimeanza kuandika mkao wa kila redio ninayoiona. Antena iliyovutwa jioni ina maana yake, na redio iliyogeuzwa upande ina yake. Mzee ameniongezea kwamba masafa ya kati mchana hayaendi mbali, kwa sababu tabaka la chini la anga lililochajiwa na jua linayameza mawimbi, na jua likizama tabaka hilo hupotea na vituo vya mbali huanza kuingia, vingine kutoka nchi nyingine, vikipandiana. Kwa hiyo urefu wa vivuli kwenye picha, ambao unanipa saa kwa makisio, unanipa pia fununu ya kile ambacho redio ile ingeweza kukipata. Ni fununu tu, lakini katika kazi hii ndizo tunazoishi nazo.

Picha zilizopangwa zipo, na si za kutupwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12, wakisoma kijitabu, wakijadiliana, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Waongozaji wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ajili hiyo. Kampeni ya ukubwa huo lazima ivutie kamera, na kamera ikifika watu hujipanga: mwenyekiti mbele, watoto chini, kijitabu wazi mikononi, macho yote kwenye redio kana kwamba redio ina uso. Hakuna anayesikiliza redio kwa kuitazama namna ile. Lakini mpango wenyewe unaonyesha jinsi viongozi walivyotaka usikilizaji uonekane, kama darasa, na ukiutazama pamoja na kipande kingine ambacho hakikupangwa, ambamo mtu anasikiliza huku akikarabati jembe, unaanza kuona umbali uliokuwapo kati ya redio ya serikali na redio ya nyumbani.

Mkoa wetu una kisa chake katika historia hii, na nashangaa kwamba watu wachache hapa Dodoma wanakijua. Mwezi Julai 1993 RTD ilianza mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, wenye Mkwaju, yule dereva wa lori ambaye mwenendo wake ulizungumzwa hadi vilabuni. Ulirushwa mara mbili kwa wiki karibu nchi nzima, isipokuwa kupitia mtambo wa Dodoma. Watafiti, mmoja wao akiwa Everett Rogers wa Marekani, walitaka eneo la kulinganishia, na Dodoma ikawa eneo hilo: kwa saa ile mtambo wetu ulirusha vipindi vingine vya hapa hapa hadi mwaka 1995, ndipo nasi tukaruhusiwa kumsikia Mkwaju. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 na yanasomwa vyuoni duniani kote. Sasa fikiria mtafiti wa kesho anayepata picha za televisheni za mwaka 1994 zinazoonyesha wasikilizaji wa mchezo huo huko Morogoro au Mbeya, kisha akaandika kwamba hivyo ndivyo Watanzania walivyousikiliza. Kwa Dodoma atakuwa amekosea kwa miaka miwili. Mama mmoja jirani yangu hunisimulia vituko vya Mkwaju vya "mwaka ule wa tisini na tatu", na nilipomweleza jambo la mtambo alinyamaza, halafu akasema kumbe ndiyo maana dada yake wa Iringa alikuwa akimsimulia mambo mapya kila akija. Nimeiandika kauli hiyo kwa herufi kubwa.

Mikanda ya televisheni ya miaka ya 1990 ina faida ya aina nyingine, kwa kuwa redio imo ndani ya sauti zake. Vituo vipya vilihitaji watu waliojua kusema, na watu hao walitoka RTD. Julius Nyaisangah, kwa mfano, alihamia Radio One, redio ndugu ya televisheni ya ITV, na sauti yake wengi waliifahamu kabla ya sura. Sikiliza jinsi watangazaji wa mpira wa televisheni wa miaka ile wanavyokueleza kwamba mpira uko upande wa kushoto wa uwanja wakati unauona kwa macho yako uko upande wa kushoto wa uwanja. Wengine huona hilo ni ushamba. Mimi naona ni mkono wa shule ya kina Ahmed Jongo, ambao walimchorea uwanja mtu aliyekaa gizani Mpwapwa, na ukitaka kusikia ufundi huo ulivyofundishwa, utausikia vizuri pale unapofanya kazi ambayo haihitajiki tena. Mahojiano ya televisheni na watangazaji wastaafu yanasaidia pia, ila msimuliaji aliyesimulia kisa kimoja mara kumi mbele ya kamera huwa amekinyoosha, na ni vyema kumtafuta katika mahojiano yake ya kwanza.

Kuna picha ambazo hatutazipata. Niliwahi kupata kazi ya muda mfupi mahali ambapo mikanda ya video ilihifadhiwa, sitaji jina lake, na niliona kwa macho mikanda ya vipindi ikirekodiwa juu yake kwa sababu mipya ilikuwa ghali na bajeti ilikuwa imekwisha. Aliyekuwa akifanya hivyo aliandika kwa uangalifu mkubwa jina la kipindi kipya kwenye karatasi ya mkanda, akilifuta la zamani kwa wembe.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha dakika mbili na kidogo, hakina sauti, na kimeandikwa kwamba kinahusu upungufu wa chakula katikati ya Tanzania, katika miaka ya 1970. Kuna wanawake wanatwanga, kuna mtoto anayeikimbia kamera na kurudi, kisha kamera inapanda taratibu kuonyesha paa la tembe lililoanikwa mtama kidogo kwenye ungo. Nilikitazama mara nyingi nikakiweka kwenye orodha ya vipande visivyo na redio, nikaendelea na vingine. Juzi Mzee alipita kwangu kuchukua chaja, akakuta nimekisimamisha hapo kwenye ungo nikijibu simu, akasogea karibu na skrini hadi pua ikakaribia kuigusa. Pembeni ya ungo, yamepangwa mstari mmoja kwa umbali sawa, kulikuwa na mawe ya redio, yaani betri, manne, yameanikwa juani ili yapate nguvu ya kumalizia jioni moja au mbili zaidi. "Hiyo nyumba haina unga," Mzee akasema, "lakini taarifa ya habari watasikiliza." Nimekitoa kipande kwenye orodha ile, na katika daftari langu, mbele ya namba yake, nimeandika: redio ipo ndani, haionekani; mawe manne, makubwa, upande wa kulia wa ungo, jua la saa nane hivi.